Ng'ombe Sita Kutoka Ubelgiji

Mimi foleni siziwezi. Nasema mapema, mtu asije akafikiri kwamba niliyoyafanya siku ile yalitokana na busara. Yalitokana na hasira. Nilikuwa nimesimama kwenye baraza ya nyumba ya kutuma pesa, hapo Bukavu, tangu saa mbili asubuhi, jua limenikaa utosini, na mbele yangu kulikuwa na watu zaidi ya ishirini. Ilikuwa wakati wa vita ya pili ya Kongo. Benki zilikuwa zimefungwa, au zimefunguliwa na ndani hamna kitu, na hiyo ya pili ndiyo ilikuwa mbaya zaidi maana ulipoteza na siku. Mwenye ndugu Ulaya alikuwa na njia moja tu: ajansi, kama tulivyoziita, kiduka chenye dirisha la vyuma, mtu mmoja huku na mwenzake kule Brussels. Ndugu yako analipa kule, huyu wa huku anaarifiwa kwa simu ya satelaiti, wewe unapokea. Nao wanajikatia kumi na mbili juu ya kila mia.

Mdogo wangu wa kiume alikuwa Brussels mwaka wa tatu. Usiku alikuwa anaosha vyombo mgahawani, asubuhi anafagia ofisi za watu. Alikuwa na diploma yake ya ualimu, lakini kule waliitazama wakamrudishia. Kabla ya kuondoka alikuwa ameshaahidiana na msichana mmoja wa Mudaka, mwalimu wa shule ya msingi, mwembamba, sauti ya upole, kichwa kigumu kuliko changu. Halafu vita ikaja, ikakata njia, ikamaliza ng'ombe.

Na huku kwetu Bushi, nchi ya sisi Bashi, mwanaume asiyetoa ng'ombe hajaoa. Ameazima. Sasa utawatoa wapi, wakati kila jeshi lililopita Kabare lilipenda nyama? Ndipo wazee walipokubali kile tulichokiita ng'ombe wa mfukoni: dola mia na hamsini kwa kila ng'ombe mmoja. Lakini adabu ilibaki ileile. Msemaji wa ukoo anasimama, anamsifu ng'ombe rangi yake na pembe zake na maziwa yake, na mkononi ameshika noti. Usicheke. Tuliponyang'anywa ng'ombe hatukukubali kunyang'anywa na maneno yake.

Baba wa msichana alitaka ng'ombe sita, yaani dola mia tisa. Hakuwa mtu mbaya, yule mzee. Zizi lake lilikuwa limebaki mavi makavu tu, na watoto wake wanne walikuwa wamerudishwa nyumbani kwa kukosa karo. Tena kulikuwa na mfanyabiashara wa madini ya koltani, mtu wa kwenda na kurudi Shabunda, mwenye saa ya dhahabu na tumbo mbele, aliyekuwa amemwona msichana na akampenda. Mzee akatuita, mama yangu na mimi, akatuambia bila kuzungusha:

"Nimewangoja miaka tatu. Jumamosi hii ng'ombe sita zikifika, mutoto ni wenu. Zikifika tano, musipande hata mulima. Yule wa koltani anakuja Jumapili na pesa yake yote mukononi."

Wakati wa kutoka, msichana alitusindikiza mpaka barabarani. Hakulia. Alinishika mkono, akaukaza mpaka vidole vikaniuma, akaniita kama dada yake mkubwa: "Yaya, musiniache." Basi. Nilirudi Bukavu na maneno hayo mawili kichwani.

Mdogo wangu alikuwa na mia tisa kamili. Miaka mitatu ya sabuni na mafagio, mia tisa, hakuna hata moja ya ziada. Sasa piga hesabu mwenyewe. Ajansi ikikata kumi na mbili juu ya mia, mia na nane zinabaki dirishani. Halafu wale watu walikuwa na tabia ya kukulipa noti za kichwa kidogo, zile za zamani ambazo picha ya yule mzungu ni ndogo katikati. Huko Amerika sijui, lakini Bukavu noti ya kichwa kidogo hakuna mtu aliyeitaka. Mia yake uliuza tisini, na kama imepasuka pembeni hata kwa upana wa ukucha, ungeweza kuwashia moto. Ukijumlisha kata hii na ile, ng'ombe sita wanatoka Ubelgiji, hata watano hawatimii Bukavu, na aliyemla wa sita hakumfuga wala hakumchunga.

Ndiyo maana Jumanne ile nilikuwa barazani. Nilikwenda kuomba wapunguze. Ndiyo, nilikuwa mjinga kiasi hicho. Nilikuwa sekretari wa shule, nilivaa viatu vya kisigino, nilifikiri nikiongea Kifaransa safi mbele ya dirisha watanionea huruma. Yule kijana wa ndani hakuinua hata macho. "Maman, ni douze pour cent, kumi na mbili kwa mia. Hupendi, panda ndege uende kuchukua weye mwenyewe." Watu wakacheka. Niliona giza.

Nikatoka kwenye foleni, nikaegemea nguzo, najipepea na bahasha, natafuta tusi la kumrudishia. Wakati natafuta tusi, macho yangu yakaona kitu ambacho yalikuwa yanakiona kila mwezi bila kukiona. Foleni zilikuwa mbili. Kushoto tulikuwa sisi wa kupokea: mama wa watoto wengi, wazee wenye barua mkononi, dada kama mimi. Kulia walikuwa wa kutuma: wafanyabiashara wa kuagiza dawa na vitambaa, wazazi wenye watoto vyuoni Ulaya. Wale wanaingiza pesa dirishani ziende Ubelgiji, wanakatwa. Sisi tunatoa pesa dirishani zinazotoka Ubelgiji, tunakatwa. Na noti alizozitoa yule mama wa kulia, mbele ya macho yangu kabisa, kijana alizipokea kwa mkono mmoja akampa mzee wa kushoto kwa mkono mwingine. Zilezile! Pesa haikwenda popote. Ilivuka upana wa dirisha, ikakatwa huku, ikakatwa huku. Wajinga ndio waliwao, na sisi tulikuwa tumejipanga wenyewe, tena kwa mistari.

Mwishoni mwa foleni ya kulia alisimama mama mmoja mnene, amejifunga vitenge vizuri, mkoba ameubana kwapani. Nikamwendea moja kwa moja.

"Maman, samahani. Unatuma wapi?"

Akaubana mkoba zaidi. "Juu ya nini unaniuliza?"

"Juu mimi napokea toka Brussels."

"Mutoto wangu mwanamuke iko Liège. Anasoma pharmacie, mambo ya dawa." Akanitazama kuanzia viatu mpaka kichwa. "Na weye, unataka kunisaidia kusoma?"

"Toka Brussels mpaka Liège, treni inamaliza saa ngapi?"

"Saa moja. Kwa nini?"

"Maman, unatuma ngapi?"

Hapo angeweza kuniitia askari, na angekuwa na haki. Lakini nadhani na yeye jua lilikuwa limemchosha. Akasema kwa sauti ya chini, "Mia sita."

"Mudogo wangu ana mia tisa kule. Weye una mia sita huku. Yeye apande treni, amupe mutoto wako. Weye unipe mimi hapa. Hakuna mutu anakata."

Niliona uso wake unahesabu. Alikuwa muuza vitenge wa soko la Kadutu, hesabu ilikuwa damu yake. "Ongeza mia tatu," nikasema, "mutoto alipe nyumba mpaka likizo, hautarudi huku kupigwa jua." Akaanza kucheka, tumbo lote likitikisika. Kijana wa dirishani alikuwa amesikia. Akapaza sauti: "Ba maman, hapa si soko!"

"Najua," nikamjibu. "Sokoni wanapunguza bei."

Lile ndilo tusi nililokuwa nalitafuta. Tuliondoka barazani pale, mimi na mama wa vitenge, watu wa foleni zote mbili wakitugeukia.

Lakini kucheka ni kucheka, na dola mia tisa ni dola mia tisa. Njiani akasimama. "Sasa nani anatoa wa kwanza?" Nikamwambia: mdogo wangu atatoa wa kwanza. Akishamkabidhi binti, binti atapiga simu kwenye kabini, kile kibanda cha simu za kulipia, mama yake atasikia kwa masikio yake, halafu atanilipa. "Na mimi nikikataa kulipa?" akauliza. Swali zuri. Hakukuwa na polisi wa kumshtaki kwake, hakukuwa na karatasi ya kuandika. Tulikuwa na njia moja tu ya wanawake wa Bukavu: alinipeleka kwake, nikaona nyumba, nikaona watoto, nikaona picha ya marehemu mume ukutani, kisha nikampeleka kwetu, akakaa kwenye kiti cha mama yangu, akanywa chai.

Mama yangu alimwangalia muda mrefu. Alipoelezwa mpango alishika kichwa. "Yesu wangu. Miaka tatu ya mutoto, mumupatie mutu wa barazani?" Halafu, kwa kuwa hata hofu haimzuii Mushi kuuliza, akamuuliza mgeni mama yake alizaliwa wapi. Nyantende, akasema. Mama yangu alizaliwa Nyantende. Basi ikawa ya nani, mlima gani, kisima gani, na kumbe bibi zao walikuwa wakilima mashamba yaliyopakana na wakigombania mpaka. "Bibi yako aliiba mustari mumoja wa maharagwe," mama akasema. "Ni yako ndiye alianza," mgeni akajibu. Wakacheka hadi machozi. Mama akaniambia nimsindikize mgeni, na kwamba mpango uendelee, kwa sababu mwizi usiyemjua ndiye wa kuogopwa.

Jumatano nikampigia mdogo wangu kutoka kabini. Alinisikiliza, akauliza mara mbili kama nina akili timamu, akakubali. Tukapanga: Ijumaa atapanda treni ya mchana, atampa binti pesa, na saa kumi za kwetu binti atapiga kabini. Kabini ilifungwa saa kumi na moja, maana ikifika saa kumi na mbili askari hawakutaka kuona mtu njiani.

Ijumaa saa tisa na nusu mama wa vitenge na mimi tulikuwa tumekaa kwenye benchi la kabini. Saa kumi ikafika. Simu ikalia, si yetu. Ikalia tena, si yetu. Saa kumi na nusu. Mwenye kabini akaanza kufagia. Nilikuwa nimeshika sketi yangu kwa mikono miwili. Kichwani namwona mdogo wangu amepigwa na wezi kituoni. Halafu namwona binti, nisiyemjua hata sura, amefunga mlango na mia tisa zetu, anacheka. Kumi na moja kasorobo. Kumi na moja. Mwenye kabini akazima mashine.

Hapo mdomo wangu ukanitangulia. Nilimgeukia yule mama nikasema, mbele ya watu: "Mutoto wako amekula pesa ya mudogo wangu. Mumetuibia, weye na yeye. Hata bibi yako alikuwa mwizi!"

Sijivunii. Hata leo nikikumbuka natamani ardhi inifiche. Yeye hakunijibu kwa makelele. Alisimama, akajifunga kitenge chake upya, akasema, "Kesho saa mbili nitakuwa hapa. Weye ukitaka, ubaki kwako na matusi yako." Akaenda zake. Nilifika nyumbani, mama akaniangalia usoni. Tulijua wote wawili: kesho yake saa nne tulitakiwa Mudaka, na hatukuwa hata na mkia wa ng'ombe.

Jumamosi saa mbili kamili yeye alikuwa pale, na mimi nilikuwa pale, mwisho mwingine wa benchi. Hatukusalimiana. Saa mbili na robo simu ikalia, mwenye kabini akaita jina lake. Alichukua mkono wa simu, nami nikasogea mpaka nikawa nasikia sauti ya binti ikitoka kama kwenye kopo.

"Maman, pesa niko nayo. Yote."

Lakini mama yake hakufurahi, alilipuka. "Tangu jana? Tangu jana, na unatuachia presha hapa?"

Ndipo tukasikia kilichotokea. Mdogo wangu alifika Liège saa nane. Alibisha hodi, binti akafungua. Mtu mwingine yeyote angesema: shika pesa, hesabu, piga simu. Lakini huyu alikuwa mtoto wa mama yangu. Angewezaje kutoa pesa mlangoni kama anayelipa umeme? Akaingia, akakaa, akasubiri aulizwe habari za safari. Naye binti alikuwa mtoto wa mama yake. Angewezaje kupokea pesa ya mgeni kutoka nyumbani kabla mgeni hajala? Alikuwa ameloweka maharagwe, ana unga wa muhogo aliotumiwa, akapika bugali. Maharagwe ya Ulaya yanachelewa kuiva. Kila mmoja alikuwa anaangalia saa ukutani kwa jicho la pembeni, na hakuna aliyethubutu kutaja pesa mbele ya sufuria, asionekane hana malezi. Mdogo wangu alikuwa hajala bugali mwaka mzima. Alikula sahani tatu. Walipomaliza, akanawa mikono, akatoa bahasha, akaitoa kwa mikono miwili, na huku kwetu kabini ilikuwa imefungwa zamani.

"Maman," binti akasema, na sauti ilikuwa inakaribia kulia, "ungenisema nini, kama ningemuacha mutoto wa watu arudi na njaa?"

Mama wa vitenge akashusha sauti. Alikuwa amemlea mwenyewe. "Alikula vizuri?" akauliza mwishowe.

Nilipiga magoti. Pale pale kwenye sakafu ya kabini, na viatu vyangu vya kisigino. Nikamwambia: maman, nimekutukana, nimemtukana mtoto wako, nimemtukana na marehemu bibi yako ambaye hakunikosea kitu. Unipige ukitaka. Alinitazama kutoka juu. "Inuka," akasema, "utachafua sketi na tuna safari." Sikuelewa kwanza. Akafungua mkoba, akatoa bahasha. Noti zote zilikuwa za kichwa kikubwa, zimenyooka, hakuna hata moja iliyopasuka. Alikuwa amezichagua moja moja kwa wauza vitenge wenzake tangu Jumatano. Usiku ule niliomwita mwizi alilala nazo tayari ndani ya nyumba.

"Ni mali ya ndoa," akasema. "Mali ya ndoa haivuki barabara peke yake. Nitaenda na nyinyi."

Na barabara yenyewe? Kati ya Bukavu na Mudaka kulikuwa na kizuizi cha askari, na askari wa kizuizini walijua kunusa dola. Ukizificha kwenye kilemba au kiatuni zinakunjika, zinapasuka, na mzee wa Mudaka angezirudisha. Mama yangu ndiye aliyepata akili. Alikusanya vitabu sita vya nyimbo za kanisa, ndani ya kila kimoja akalaza ng'ombe mmoja: dola mia na hamsini, zimenyooka kati ya kurasa. Wanawake sita tukashika kila mtu kitabu chake kifuani: mama, shangazi watatu, mimi, na mama wa vitenge. Baba mdogo, ambaye ndiye angekuwa msemaji wetu, akabeba jerikani mbili za kasiksi, pombe yetu ya ndizi, na tukapanda nyuma ya kikamyoneti.

Kizuizini wakatushusha. Askari mmoja, macho mekundu, akatuzunguka. "Ba maman, munaenda wapi wote hawa?"

"Kwenye maombi ya ndoa," mama akasema. Hata uongo haukuwa.

"Na vitabu ni vya nini?"

"Vya kuimba."

Akatabasamu. Akajiegemeza kwenye ngoma ya mafuta, akasema, "Basi muimbe."

Mungu wangu. Nilihisi ng'ombe wangu anapumua kifuani. Kufungua kitabu hatuwezi. Kutofungua ni kujichongea. Shangazi mmoja alianza kutetemeka hadi pete yake ikagongagonga jalada. Mama yangu akaingia kwenye wimbo, sauti juu kabisa, nasi tukamfuata, vitabu vimebanwa kama vilivyo. Tuliimba ubeti wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mama wa vitenge alikuwa na sauti ya pili nzito ya kutetemesha bati. Watu waliokuwa wanapita na mizigo yao wakasimama, wengine wakaitikia. Askari alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza lile tulilokuwa tunaliogopa.

"Munabeba vitabu, na hamufungui?"

Mama yangu akamjibu kama anavyomjibu mtoto aliyemletea maji machache. "Mutoto wangu, naimba hii wimbo tangu mama yako hajazaliwa. Nifungue ya nini?"

Wenzake wakamcheka. Alichukua jerikani moja ya kasiksi, akatupungia mkono tupite. Tulipofika mbali, kikamyoneti chote kilicheka, na shangazi aliyekuwa anatetemeka ndiye alicheka kushinda wote. Baba mdogo peke yake aliomboleza jerikani yake mpaka Mudaka.

Tulifika saa nne imepita, lakini haijapita sana. Ua ulikuwa umejaa. Baba wa msichana alikuwa amekaa katikati, mkono juu ya fimbo, uso hausemi kitu. Baba mdogo akasimama, akasafisha koo, akaanza. Akaita ng'ombe wa kwanza. Mama yangu akasogea, akafungua kitabu, akaweka noti kwenye mkeka, baba mdogo akamsifu: mweusi, mwenye nyota usoni, akipita jirani wanatoka nje kumwona. Ng'ombe wa pili alikuwa mwekundu. Wa tatu alikuwa na pembe za kukumbatia. Kila mwanamke alikwenda, akafungua kitabu. Wa sita alikuwa wa mama wa vitenge, na baba mdogo, aliyekuwa ameshaishiwa rangi, akasema huyu anatoa maziwa hata Kwaresima. Watu wakapiga makofi.

Mzee akainama. Alichukua noti moja moja, akaiinua juani, akaigeuza, akapitisha kidole kwenye kila pembe. Akafika ya mwisho, akazipanga. Nikajiambia: atasema kitu. Akasema.

"Wengine wakinitumia mia, naona themanini na tano. Hii ilipita wapi?"

"Ilipita kwa mikono ya watu, papa," nikasema. "Haikupita dirishani."

Akaitika kwa kichwa polepole. Baadaye siku ile aliniita pembeni kuniuliza habari ya mtoto wake aliyekuwa Lyon, na kabla ya mwezi kuisha sebule ya mama yangu ilikuwa na watu wa kutuma na watu wa kupokea wakinywa chai pamoja, na ajansi ikashuka mpaka nane juu ya mia. Lakini hiyo ilikuja baadaye. Saa ile mali bado ilikuwa mkekani, na haikuwa yake.

Maana kwetu baba hawezi kuipeleka mali ndani mpaka amuulize msichana mwenyewe. Wakamwita. Alitoka chumbani na shangazi zake wawili, kitenge kipya, macho chini, na ua wote ukanyamaza hata kuku ukawasikia. Nilijua kwamba Jumapili ilikuwa kesho. Nilijua kwamba saa ya dhahabu na koltani vingemjengea nyumba ya bati na madirisha ya vioo, na kwamba mwanaume aliyeleta hizi karatasi alikuwa mbali, anaosha sahani za watu, na hatujui vita itamruhusu kurudi lini ama kumwita lini. Angeweza kusema hapana. Desturi inamruhusu.

Mzee akamuuliza, mbele ya wote: "Mutoto wangu, hii ng'ombe ni sita. Tukule, ao tuirudishe?"

Akainua macho. Hakumtazama baba yake, hakutazama zile noti. Alitutazama sisi, wanawake sita wenye vitabu vitupu, vumbi la barabara mpaka kwenye nyusi, na sauti yake, ile ya upole, ikafika mpaka nyuma ya ua kwa wale waliosimama juu ya ukuta.

"Mukule, papa," akasema. "Yote. Mimi naenda kwangu."

Nilipiga vigelegele mpaka sauti ikakatika, na Jumatatu shuleni kila aliyeniuliza kitu nilimjibu kwa kuandika kwenye karatasi.